Mwalimu Mkuu na Kijiji Chake: Funzo la Matuta ya Usambara

Kila mwaka tunapowapeleka wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, huwapa maagizo mengi. Huwaambia waandae azimio la kazi, andalio la somo na nukuu zake. Watengeneze zana kwa vifaa vinavyopatikana mahali walipo. Waandike ubaoni kwa mwandiko unaosomeka. Wasiache kulitathmini somo mwishoni. Maagizo hayo yote ni ya lazima, wala hatuna nia ya kuyapunguzia uzito. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu tunalitaja kwa maneno mawili matatu na kulipita, nalo ni namna shule inavyoishi na kijiji kilichoizunguka. Makala haya yanakusudia kulirudia jambo hilo, kwa sababu tumegundua, tena kwa aibu kidogo, kwamba sisi wenyewe tulikuwa hatujalielewa vya kutosha.

Shule iliyotufunza haya imo katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Jina lake hatutalitaja, kwani yaliyomo humu yangeweza kutokea katika shule nyingi za milima hiyo. Msafiri anayetoka Mombo hupanda kwa barabara ya lami yenye kona nyingi, akapita Soni, hata akafika Lushoto mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 33. Kutoka hapo, vijiji vingi hufikiwa kwa barabara za udongo ambazo masika huziharibu. Nyumba zimetawanyika juu ya migongo ya milima, na mashamba ya mahindi, maharage, viazi na kabichi yameshika miteremko mikali. Mtoto anayeonekana kwa macho kuwa jirani wa shule huenda akalazimika kushuka bondeni, kuvuka kijito, na kuupanda mlima wa pili kabla ya kengele ya kwanza.

Tulifika shuleni hapo kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa akifundisha hesabu darasa la nne. Somo lilianza vizuri. Katikati ya somo bibi mmoja alisimama mlangoni, amemshika mkono mvulana ambaye hakuwa amefika shuleni kwa siku tisa. Mwanachuo aliwapa wanafunzi zoezi, akatoka, akamwamkia bibi kwa adabu na kumsikiliza. Baadaye tuliambiwa kwamba bibi alikuja kuomba mjukuu wake asichapwe. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi, na bibi mguu ulikuwa ukimsumbua, hata mvulana ndiye aliyekuwa akimtekea maji na kumletea kuni. Mwanachuo alimhakikishia kwamba mtoto hatachapwa, akamwonyesha mvulana nafasi yake, kisha akaendelea na somo. Yote hayo yalichukua dakika sita.

Nasi tukiwa nyuma ya darasa na fomu yetu mkononi, tuliandika: “Alipoteza muda wa somo.” Tukapunguza alama.

Wakati wa chai mwalimu mkuu aliiomba fomu ile aisome. Ni mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye sauti ndogo. Alisoma mpaka mwisho, akairudisha, akasema: “Wakufunzi, bibi yule ameupanda mlima huu kwa mguu mbovu. Katika karatasi yenu mmemwandika wapi?” Hatukuwa na jibu. Akaongeza: “Laiti binti yenu angeufunga mlango, mtoto angerudi leo, lakini bibi asingerudi tena. Na mtoto ambaye bibi yake haji shuleni, kesho naye haji.”

Tulikaa naye hadi jioni, na aliyotueleza ndiyo tunayotaka kuwaletea wasomaji wetu.

Daftari la mahudhurio

Mwalimu mkuu huyo alitufungulia madaftari mawili. La kwanza lilikuwa daftari la mahudhurio ambalo kila mwalimu analifahamu. La pili lilikuwa lake mwenyewe, daftari la kawaida la mistari, ambamo kwa muda mrefu amekuwa akiandika sababu ya kila utoro kama alivyoambiwa na mtoto, mzazi au jirani. Tulizisoma sababu hizo: gulio, kupalilia, mdogo wake mgonjwa, kijito kimejaa, sare mbichi.

Hiyo ya mwisho ilitushangaza, naye akaieleza. Kati ya Juni na Agosti milima hii huwa na baridi na ukungu mzito. Mtoto mwenye sare moja akifuliwa jioni, asubuhi nguo bado haijakauka. Shule inamtaka aje na sare, mama yake anaona haya kumtuma na nguo ya nyumbani, na hivyo mtoto anabaki jikoni karibu na moto. “Miaka mingi,” alisema mwalimu mkuu, “niliwaadhibu watoto kwa kosa la ukungu.” Siku alipoyaona maneno hayo yamejirudia katika daftari lake, aliipeleka habari mbele ya kamati ya shule, ikakubaliwa kwamba miezi ya baridi mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare. Utoro wa sababu hiyo ukakoma. Hapakuhitajika fedha wala waraka. Palihitajika mtu wa kuuliza.

Hapa pana funzo la kwanza kwa mwalimu kijana. Alama ya utoro katika daftari si tuhuma tu juu ya mtoto. Ni habari inayotoka kijijini, na kama habari nyingine yoyote, inataka kusomwa na kuulizwa maana yake. Mwalimu anayehesabu watoro mwisho wa mwezi na kuipeleka hesabu hiyo ofisini ametimiza agizo. Anayeuliza kwa nini ndiye aliyeianza kazi.

Kikao cha wazazi

Funzo la pili lilihusu vikao. Mwalimu mkuu alipofika shuleni hapo, wazazi waliitwa kikaoni saa nane mchana katikati ya juma. Waliofika walikuwa wanaume, tena wachache. Walisikiliza, wakaitikia, wakapiga makofi, lakini watoto waliendelea kukosekana siku ya gulio. Baada ya muda alitambua kwamba anayeamua ni mtoto yupi atakayebeba karoti na kabichi kwenda gulioni ni mama, naye saa nane yuko shambani. Kwa maneno mengine, mwalimu alikuwa akipatana na watu ambao mapatano hayo hayakuwa mikononi mwao.

Alibadili saa na siku ya kikao kwa kuwauliza wanawake wenyewe lini wanaweza kuja. Wakaja, na wakasema yaliyokuwa hayajasemwa. Walieleza kwamba mzigo hauna budi kufika gulioni kabla lori la mnunuzi halijaondoka, na kwamba wasio na mtu mzima wa kusaidia hawana ila mtoto. Makubaliano hayakuwa makubwa: majirani wabebeane kwa zamu, na mtoto ambaye hana budi kwenda arudi aingie darasani hata akichelewa, bila kufukuzwa langoni. Utoro wa siku ya gulio haukwisha, ila ulipungua, na waliochelewa walijifunza kitu badala ya kutojifunza lolote.

Matuta ya wakati wa mkoloni

Tulipomwuliza mwalimu mkuu alijifunza wapi njia hii, hakututajia kitabu cha ualimu. Alituonyesha mlima wa ng’ambo kwa kidole, akasema: “Nilijifunza kwa matuta.”

Habari hiyo inafahamika vizuri katika Usambara, na kila mwanachuo atakayepangiwa kazi huku anapaswa kuijua. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuuokoa udongo, nao baadaye ukapanuliwa kwingineko katika milima hii. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta katika miteremko, na waliokaidi walipelekwa barazani na kutozwa faini. Hatari waliyoiona mabwana shamba haikuwa ya kubuni, kwani mvua za milimani huchukua udongo na kuuteremsha bondeni. Lakini kazi yenyewe ilikuwa nzito mno, na iliwaelemea zaidi wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima sehemu kubwa ya mazao ya chakula. Hao hawakuulizwa. Chuki dhidi ya matuta ikachangamana na mwamko wa kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewachunguza Wasambaa kwa miaka mingi, ameyaeleza mambo hayo kwa kirefu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1990.

Udongo haukuacha kumomonyoka kwa kuwa watu walikuwa wameshinda. Mwaka 1981 ulianza wilayani Lushoto mradi mwingine, uliojulikana kwa jina la kifupi SECAP, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Mradi huo ulihimiza kupanda miti na mistari ya majani ya Guatemala kukingama na mteremko. Majani yale yalizuia udongo, na papo hapo yalikatwa kuwa chakula cha ng’ombe wa kufugwa zizini. Mkulima aliona faida yake nyumbani mwake, wala hakungoja mjukuu wake aje aione. Mradi huo nao ulikuwa na kasoro zake, lakini hata leo mistari ya majani na miti inaonekana katika mashamba mengi ya milima hii, wala hapana askari aliyesimamishwa kuilinda.

Tofauti iliyopo kati ya mambo haya mawili ndiyo hoja ya makala yetu. Jambo jema linaloletwa kwa amri tupu laweza kukataliwa pamoja na wema wake wote. Mabwana shamba wa mwaka 1946 walijua mengi juu ya udongo, lakini walijua machache juu ya watu waliotakiwa kuushika jembe. Nasi walimu tunajua mengi juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Je, twawajua akina mama wanaoamua asubuhi ni mtoto yupi ataondoka na daftari na yupi ataondoka na ndoo?

Shule na jamii tangu Azimio la Arusha

Si fikra mpya tunayoileta. Mwezi wa Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, ambamo alisisitiza kwamba shule ziwe sehemu ya jamii na zisimtenge kijana na maisha ya wazazi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hapa hapa mkoani Tanga, katika kijiji cha Kwamsisi wilayani Handeni, fikra hiyo ilijaribiwa kwa vitendo kwa kuunda shule ya jamii, na chuo cha ualimu cha Korogwe kilishiriki katika kazi hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilihimiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaufanya uandikishaji na mahudhurio kuwa wajibu wa kisheria. Mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliondoa ada na kuzipa kamati za shule kauli katika matumizi ya fedha. Mwaka 2016 ukaanza utaratibu wa elimu bila malipo hadi kidato cha nne.

Katika kila hatua wajibu wa kijiji ulibadilika, na katika kila hatua alihitajika mtu wa kuueleza. Mwalimu mkuu wetu alisema kwamba baada ya mwaka 2016 baadhi ya wazazi walidhani shule sasa ni ya serikali peke yake, wao hawana tena neno. Waraka uliotolewa mwaka huo huo ulitaja wajibu wa wazazi, ukiwamo ule wa sare na vifaa vya kuandikia, lakini waraka haupandi mlima wenyewe. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima ya miaka kumi. Ni hatua kubwa, na itafanikiwa Usambara kwa kiasi kile kile ambacho walimu watajua kuizungumza jikoni na shambani, si ofisini tu.

Je, kusikiliza ni kulegeza?

Huenda msomaji akauliza: Je, njia hii haimfanyi mwalimu kuwa mtumwa wa matakwa ya kila mzazi? Sheria iko wapi? Swali hili ni la haki, na mwalimu mkuu hakulikwepa.

Alituambia kwamba kuna mambo ya kujadiliana na kuna mambo yasiyojadiliwa. Saa ya kikao inajadiliwa. Sare wakati wa baridi inajadiliwa. Lakini binti wa darasa la sita anapochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani mjini, hapo hakuna mjadala. Katika mambo ya namna hiyo yeye huongozana na mwenyekiti wa kitongoji, na ikibidi mtendaji wa kijiji, hadi nyumbani kwa wahusika. Mabinti kadhaa wamerudi kwa njia hiyo. Mmoja hakurudi. Aliondoka alfajiri siku moja kabla mwalimu hajapata habari, na hata tulipofika sisi jina lake lilikuwa bado katika daftari lile la mistari, na mbele yake hapakuandikwa sababu. “Hilo nimeliacha wazi,” alisema, “kwa sababu sikuuliza mapema.”

Kwa hiyo kusikiliza hakuondoi sheria. Kunaipa sheria macho. Mwalimu aliyezoea kubisha hodi kwa mambo madogo ndiye anayefunguliwa mlango siku ya jambo kubwa. Asiyefika nyumbani kwa mtu ila siku ya kumshitaki hukuta mlango umefungwa na mtoto keshasafiri.

Swali la pili ni la kazi. Mwalimu mwenye darasa kubwa, madaftari ya kusahihisha na zamu za juma atapata wapi muda? Hatukusudii kumtwisha mzigo juu ya mzigo. Twasema tu kwamba muda anaoupoteza kumfundisha upya mtoto aliyekosa siku tisa ni mrefu kuliko dakika sita za mlangoni.

Wanachuo wafanye nini?

Tunapendekeza mambo manne, na yote yawezekana katika majuma machache ya mazoezi ya kufundisha.

Kwanza, katika juma la kwanza mwanachuo aitembee njia ya mtoto anayetoka mbali kuliko wote, kwa miguu, asubuhi, toka nyumbani hadi shuleni. Atajua mengi juu ya kuchelewa ambayo hakuna mhadhara utakaompa.

Pili, awe na daftari la sababu kama la mwalimu mkuu yule, na alifanye kuwa siri ya kazi. Mambo ya nyumba za watu si ya kuzungumzwa dukani wala kutumwa katika simu. Siku mzazi atakaposikia habari zake zikirudi kutoka kwa jirani, mlango utafungwa.

Tatu, ajifunze walau salamu za Kisambaa, au za lugha yoyote ya mahali atakapokuwa. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na ndicho kinachotuunganisha. Lakini bibi anayesalimiwa kwa lugha yake hujua kwamba amepokewa kama mtu, si kama mshitakiwa.

Nne, ayatumie aliyoyaona katika maandalio yake ya masomo. Mistari ya majani ya Guatemala ni somo la sayansi. Bei za gulioni ni hesabu. Habari ya matuta, ikisimuliwa na mzee aliyeisikia kwa wazazi wake, ni historia ambayo watoto hawataisahau.

Nasi wakufunzi tunalo letu la kufanya. Jioni ile tuliifuta alama tuliyompunguzia mwanachuo, lakini tulipotaka kuandika alichofanya vizuri, hatukuona mahali. Fomu ina nafasi ya utangulizi wa somo, ya zana, ya matumizi ya ubao, ya sauti na ya unadhifu. Nafasi ya mtu aliyesimama mlangoni haina. Tukaandika nyuma ya karatasi. Tunatoa rai kwa wakufunzi wenzetu kwamba nafasi hiyo iwekwe mbele, kwani wanachuo hujifunza upesi ni mambo gani yanayopewa alama na ni yapi yanayosemwa tu.

Tulipokuwa tukiondoka, darasa la nne walikuwa wametoka. Mvulana yule alikuwa bado uwanjani, na mwenzake alikuwa akimwonyesha katika daftari hesabu za siku alizokosa. Alitazama jua, akafunga daftari, akaanza kuteremka mlima kwa haraka, kwani maji ya bibi yalikuwa hayajatekwa.

Kesho yake mwalimu mkuu alitupigia simu kutujulisha kwamba mvulana amefika. Alikuwa amechelewa, akaongeza, na wamemwacha aingie.